Mtepe Juu ya Meza

Ng'ombe wamekamuliwa, ukungu bado umelala juu ya mahindi ya Sugoi. Hapa, mita 2,000 hivi juu ya bahari, leo nawaza mtepe, chombo cha baharini cha zamani.

Mtepe wa Lamu haukupigwa msumari: mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za kumbi, tanga lake mkeka. Siku hizi unauona kama kielelezo cha makumbusho. Anayeuunda mdogo mezani hushona ubavu kwanza, ndipo atie mataruma, yaani miti ya ndani ya kuuimarisha. Akiharakisha, uzi hukata ubao. (Gundi? Hiyo ni kudanganya, ingawa nami ningeishika.)

Mabaki ya saipresi yamejaa kwa seremala wetu. Tunayawashia jiko. Asubuhi hii nimeficha vipande vitatu, vya mtepe wangu wa mezani.