Mzee Niliyemkuta Njiani Kabla ya Soko

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake.



Muhula huu sisi wa Masomo ya Kiislamu tumechukua somo moja la idara ya uchumi: utangulizi wa uchumi mdogo, yaani elimu ya mnunuzi, muuzaji na bei. Mwalimu alichora ubaoni mstari wa mahitaji unaoshuka na wa ugavi unaopanda, akatia nukta pale inapokutana. Hiyo, akasema, ndiyo bei ya soko. Kisha akaongeza kwamba hesabu hiyo husimama pale muuzaji na mnunuzi wote wawili wanapojua hali ya soko.

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinishinda.

Likizo iliyopita nilikuwa nauza vitunguu hapa Mbale nipate pesa ya ada. Alfajiri moja nilipanda barabara inayotoka mlima Elgon, nikamkuta mzee akisukuma baiskeli yenye gunia. Rafiki yangu alikuwa ameshanitumia ujumbe kutoka sokoni: gunia limefika shilingi 190,000. Mzee hakuwa na simu. Akaniuliza, "Mwanangu, huko chini wananunuaje?" Nikamjibu, "Mzee wangu, soko siku hizi si zuri." Nikamlipa 120,000. Akashukuru, akaniombea dua, akageuza baiskeli akarudi kwao.

Wiki ileile ya mistari ya bei, tulisoma fiqhi ya biashara. Mtume (S.A.W) alikataza kuwapokea njiani wenye kuleta bidhaa kabla hawajafika sokoni. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuuvunja mauziano. Yaani sharia imempa yule mzee haki asiyoijua, na mimi nimeikalia. Na juu ya kumpokea njiani, nilimdanganya.

Ndugu zangu, Uislamu haupigi vita faida. Bei zilipopanda Madina, watu walimuomba Mtume (S.A.W) awapangie bei, akakataa, akieleza kuwa Allah ndiye mpangaji, na kwamba anatumaini kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma ya damu wala mali. Lakini yeye huyohuyo alikataza kuhodhi chakula, alikataza kuficha aibu ya bidhaa, na alikataza hili la njiani. Bei aliiacha, njia ya kuifikia akailinda.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu magari yaliyotumika, akionesha jinsi soko linavyoharibika upande mmoja unapojua kasoro ambayo mwingine haijui. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Nobel. Tuisome elimu hiyo kwa heshima. Ila kwetu sisi jambo hili haliishii kwenye mtihani, kwani lina hisabu siku ya Kiyama.

Usiseme wewe huuzi vitunguu. Unamuuzia mwenzako simu nawe unajua betri yake haimalizi nusu siku. Unamtafutia mwanafunzi mgeni chumba, unaongeza chako bila kumwambia. Kabla ya kupokea pesa, jiulize: angejua ninachokijua, angekubali bei hii? Ukiona moyo unasita, sema ukweli kwanza.

Toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudi. Jumamosi tatu nimepanda barabara ile, sijamkuta. Hata jina lake sikumuuliza. Sheikh wetu ameniambia niendelee kumtafuta. Nikikata tamaa nimtolee sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye bado ana haki ya kudai chake. Shilingi 70,000 zipo kwenye bahasha, sandukuni mwangu. Kinachoninyima usingizi zaidi ni ile dua aliyoniombea.

Ewe Allah, tutosheleze kwa halali yako, tusamehe tuliyoyafanya kwa siri, na utukutanishe na tuliowadhulumu hapa duniani kabla ya kukutana nao mbele yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.