NENO LA MWEZI: KUNI, MAJI NA JIRANI YETU

Masomo: Yohana 6:1-13; Yeremia 29:4-10; Kumbukumbu la Torati 20:19-20



Mwezi huu tunaleta neno ambalo wengine watasema si la kanisani. Ni neno la kuni, la maji, la sufuria na la karatasi. Tunawaomba mlisome mpaka mwisho, maana limetuhukumu sisi kwanza.

Siku zilizopita mama mmoja wa kanisa letu alikwenda kutafuta kuni. Alirudi jioni mikono mitupu, amenyang'anywa panga na mzigo, na mkono umevimba. Tulikasirika sana. Wazee wa kanisa waliondoka asubuhi kwenda kumwona mwenye shamba, nao walikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Yule mzee mwenyeji hakugombana nao. Aliwapeleka nyuma ya migomba yake, akawaonyesha visiki. Walihesabu kumi na saba. Aliwaambia kwamba miti ile aliipanda mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza, ili imsomeshe.

Kumpiga mama yetu kulikuwa kosa, na aliyempiga aliomba msamaha mbele ya wazee. Lakini wale visiki kumi na saba nao walikuwa na neno. Wazee wetu walirudi wamenyamaza.

Sisi tuliotoka Kivu ya Kaskazini, tukumbuke. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka wakaingia Goma, watu zaidi ya laki saba. Walikaa Kibumba, Katale, Mugunga, kando kando ya hifadhi ya Virunga. Walihitaji kupika, kama sisi leo. Kila siku watu waliingia msituni na mashoka, na milima tuliyoizoea ikabaki uchi. Mwaka ule ule Virunga iliandikwa katika orodha ya mali za dunia zilizo hatarini. Je, wakati ule tulisema nini juu ya wageni wetu? Tulisema wanakula nchi yetu. Leo sisi ndio wageni, na yule mzee wa migomba anasema maneno yale yale tuliyosema sisi.

Sasa tumtazame Bwana Yesu. Aliwalisha wanaume wapata elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mwenye uwezo kama huo angeweza kusema, acheni mabaki, kesho nitafanya mengine. Hakusema hivyo. Watu waliposhiba, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande, kusiwe na cha kupotea, na vikajaa vikapu kumi na viwili. Muujiza haukumpa mtu ruhusa ya kutupa. Ikiwa Mwana wa Mungu alihesabu makombo, sisi tunaopimiwa unga tutaachaje moto uwake bure chini ya sufuria tupu?

Na katika Kumbukumbu la Torati, Mungu aliwakataza Waisraeli kuangusha miti ya matunda hata walipouzingira mji wa adui. Kama mti wa adui ulihurumiwa wakati wa vita, je, mti wa jirani aliyetukaribisha?

Basi tumekubaliana mambo haya, na tunaanzia nyumbani mwetu wenyewe.

Kwanza, moto. Tuache mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo. Jiko la udongo linakula kuni kidogo kuliko mafiga, na udongo upo bure. Akina mama wanaojua kulijenga wako tayari kufundisha nyumba kwa nyumba. Maharagwe tuyaloweke tangu usiku, yataiva upesi. Kuni zipasuliwe ndogo na zianikwe zikauke, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Sufuria ifunikwe. Chakula kikiiva, tuvute kuni na kuzizima kwa mchanga, zitumike kesho. Anayepika kwa mbabula naye azime makaa yanayobaki.

Pili, maji. Maji ya kuoshea sombe na mchele yaende kwenye mboga, na maji ya kuoshea vyombo yaende kwenye migomba. Mtoto aliyepanga foleni saa mbili kwa dumu moja anajua thamani yake. Tusimwage jasho lake.

Tatu, takataka. Maganda na majani yaende shimoni yawe mbolea. Kaveera tusiichome jikoni, moshi wake ni sumu kwa watoto. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019, na watu wanaendelea kwenda sokoni na vikapu. Sisi nasi twende na vikapu vyetu. Betri za redio zilizokwisha zisitupwe shambani wala wasipewe watoto kuchezea.

Nne, ofisi ya kanisa. Tusiwafundishe wengine tukajisahau. Kuanzia mwezi huu ripoti zitaandikwa pande zote mbili za karatasi. Taa ya sola izimwe na anayetoka mwisho. Na gazeti hili dogo, ukimaliza kulisoma, mpe jirani. Nakala moja itoshe nyumba tano.

Tano, miti. Hapa ndipo wengi wanauliza: nipande mti wa nini, nami nangoja kurudi nyumbani, au nangoja safari ya ng'ambo? Swali hili si la kuchekwa, hata sisi tunalo. Watu wa Yuda waliohamishwa Babeli walikuwa nalo pia. Manabii wa uongo waliwaahidi kurudi upesi. Yeremia aliwaandikia barua ya ukweli: jengeni, pandeni bustani, uombeeni amani mji mlimo, kwa maana miaka ni sabini. Wengi waliosikia barua ile hawakuiona tena Yerusalemu. Hata hivyo waliambiwa wapande.

Nakivale ilipokea wakimbizi wa kwanza karibu mwaka 1960, nao walitoka Rwanda wakifikiri ni kwa muda mfupi. Wengi walikaa zaidi ya miaka thelathini. Kupanda mti si kukana nyumbani kwetu. Ukisafiri kesho, parachichi lako litamlisha mtu mwingine, na Mungu anamjua.

Wapendwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakwenda kwa yule mzee. Tutapeleka miche kumi na saba ya grevilea na kuipanda penye visiki vyake, naye amekubali. Vijana wa kwaya watachimba mashimo, na kila familia itapewa zamu ya kumwagilia hadi mvua zishike. Mama yetu aliyeumizwa amesema atakuja, na mche wa kwanza ataupanda yeye.

Tuombe: Ee Mungu Baba, nchi na vyote vilivyomo ni mali yako. Tusamehe kwa kile tulichokiharibu. Utupe mikono inayotunza, na jirani anayesamehe. Utukumbuke katika kungoja kwetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.