Wimbi Lenye Mwenyewe

Mvuvi akipinduliwa na wimbi akafa maji, jamaa zake hukaa matanga, kisha huanua na kurudi kwenye shughuli zao. Hawendi mahakamani. Watamshitaki nani, na bahari haina mwenyewe? Lakini je, msomaji wangu, wimbi likiwa na mwenyewe? Likiwa limeundwa kiwandani, likawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, mtu akivunjika mguu humo nani wa kuulizwa?

Wimbi la namna hiyo lipo, na linasafiri baharini juu ya meli. Mashine yake huitwa FlowRider. Ilianza nchi kavu mwaka 1991, katika bustani ya michezo ya maji huko New Braunfels, Texas. Mwaka 2006 ikapandishwa kwenye meli ya starehe, Freedom of the Seas, na baadaye meli nyingine zikawekewa. Pampu zenye nguvu husukuma maji yapande mteremko uliotandikwa sponji na kufunikwa ngozi ngumu ya plastiki, na mchezaji huteleza juu yake kwa ubao. Maji yenyewe ni tabaka jembamba la sentimita chache tu, ila yanakwenda mbio kama gari. Na kwa kuwa hakuna kina cha kumzamisha mtu, wengi hudhani hakuna cha kuogopa. Kumbe aangukaye baharini hupokewa na maji. Aangukaye hapa hupokewa na sakafu.

Ndiyo maana kuna masharti, nami nikiyatafakari naona yana busara. Vua miwani, pete na mkufu. Mwenye maradhi ya mgongo au shingo asipande, wala mama mjamzito. Mtoto asiyetimiza kimo kilichowekwa angoje akue. Anza kwa kulala kifudifudi juu ya ubao. Kusimama kuna ubao wake na zamu yake. Ukimaliza, ondoka upesi umpishe mwenzio. Na lililo kubwa: ukianguka, usitangulize mkono. Kunja mikono, kinga kichwa, yaache maji yakubebe. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mkono hutangulia kabla ya akili, na uzito wote wa mwili hukutana na kiganja kimoja. Basi usalama hapa si kutoanguka, maana kila apandaye huanguka. Usalama ni kujua kuanguka, na hilo hufundishwa kabla ya kupanda.

Hayo ni ya mwili. La moyoni ni ile hati. Kabla ya kupanda, abiria hutakiwa kutia sahihi kwamba likimfika la kumfika hatamdai mtu. Nyuma yake pana foleni, mbele yake watoto wamekwisha kuvua viatu. Hutia sahihi bila kusoma hata mstari wa pili. Sahihi hiyo imehamisha nini?

Wako wasemao imehamisha yote. Mtu mzima, mwenye akili timamu, ameuona mteremko na waangukao, na bado amependa. Avune alichopanda. Hoja hii siidharau hata kidogo. Uhuru wa kuchagua usioambatana na kubeba matokeo ni uhuru wa kitoto, na mtu akiteguka kwa kupuuza aliyoambiwa, sioni haki ya kumtafuta mwingine wa kumlipa.

Hata hivyo, hati ile huchanganya mambo mawili yasiyo ya fungu moja. Kuna hatari iliyomo katika mchezo wenyewe, na kuna uzembe wa mwenye mchezo. Nikipanda nimekubali kuanguka. Sikukubali msimamizi asiyefuata kanuni zake mwenyewe.

Tofauti hii iliwahi kufika mahakamani. Abiria mmoja wa Oasis of the Seas alikuwa akifundishwa mchezo huo. Mwalimu wake akamwelekeza asimame juu ya ubao wa kulalia, jambo ambalo kanuni za usalama za meli zililikataza. Akaushika ule ubao, kisha akauachia. Mwanafunzi akaanguka, kifundo cha mguu kikavunjika. Hati alikuwa ameitia sahihi. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Marekani, iliyoko Atlanta, ikaamua kwamba hati hiyo ni batili, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inawakataza wenye meli za abiria kujivua kwa mkataba dhima ya uzembe wao.

Sisi husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile. Methali yetu humwonya mdogo, na ni haki. Bali ndani yake imo dhamana ya mkubwa, kwamba neno lake liwe la kutegemewa. Mkuu atakaye kusikilizwa, kisha akataka asiulizwe, anataka heshima bila gharama yake.

Kwa hiyo sikubali kwamba jukumu ni mzigo wa kutuana, ukitoka kichwani kwangu uwe umekaa kichwani kwako. Nahodha ana usukani wake, na abiria ana kukaa alipoambiwa. Mmoja akitimiza lake hajampunguzia mwenzake chochote. Mzazi akiniuliza kama amruhusu mwanawe kupanda, humwambia akae kwanza kwenye viti vya watazamaji kwa nusu saa. Asiwatazame wachezaji. Amtazame msimamizi: je, humpima kimo kila mtoto, au hukisia kwa macho? Huwarudisha wenye mikufu? Hufundisha kuanguka kabla ya kufundisha kusimama? Akiridhika, na amruhusu. Asiporidhika, amshike mwanawe mkono waondoke, hata kama hati imekwisha kutiwa sahihi.