Bei ya Picha na Thamani Yake

Mwezi wa Novemba, mwaka 2011, katika nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York, picha moja iliyopigwa kwa kamera ilinunuliwa kwa dola 4,338,500 za Marekani. Aliyeipiga ni Mjerumani, Andreas Gursky, na jina la picha ni Rhein II, kwa kuwa ni picha ya mto Rhine. Ndani yake hamna mtu wala mnyama. Kuna majani mabichi, kuna mto, kuna ukingo wa ng'ambo, na juu yake mbingu ya kijivu, basi. Hata jengo lililokuwako ng'ambo ya mto, mpiga picha aliliondoa kwa kompyuta. Wala nakala ile iliyouzwa si ya pekee, maana zilitengenezwa sita, na nyingine zimo katika majumba ya makumbusho, mathalani London na New York.

Najua wako wasomaji watakaocheka na kusema, "Hizo ni fedha za wazimu." Walakini kicheko si hoja. Yafaa tuulize kwanza maana ya maneno mawili ambayo twayachanganya kila siku, yaani bei na thamani. Bei ni mapatano ya watu wawili katika siku moja. Kesho yaweza kuwa nyingine. Thamani ni ule wema ulio katika kitu, hata kama hapana mtu anayeuliza kinauzwa kiasi gani. Katika nyumba nyingi za vijijini hutundikwa ukutani picha ya mama aliyekwisha kufariki, kioo chake kimepasuka, na rangi yake imefifia. Ipeleke sokoni, hutapewa hata senti moja. Mwambie mwenyewe aiuze, atakufukuza. Basi, ikiwa picha yaweza kuwa na thamani kubwa bila bei yo yote, yamkini nyingine ina bei kubwa, na thamani yake ni ndogo. Wala bei peke yake haitatuambia lililo kweli.

Sisemi ya kwamba picha ya kamera si kazi ya ustadi. Wako wanaodhani ya kuwa kamera hufanya yote, na mtu hubonyeza tu. Hao hawajaona kazi ya kusafisha picha katika chumba cha giza. Mmarekani Ansel Adams mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, katika New Mexico. Tangu hapo, kwa muda wa miaka mingi, alitoa katika filamu ile ile nakala zaidi ya 1,300, huku akibadili giza la mbingu na weupe wa misalaba ya makaburini. Kwa kuwa katika ujana wake alijifunza kupiga piano, alifananisha filamu na wimbo ulioandikwa, na nakala na wimbo unaopigwa. Mtu akilipa fedha nyingi kwa kazi ya namna hiyo kwa sababu aipenda, mimi sina neno naye. Lakini tuangalie jambo moja: nakala ya elfu moja haikuipunguzia ya kwanza uzuri wake hata kidogo.

Ninalolitilia shaka ni neno jingine, wanalolisema wauzaji kwa sauti ya upole: "Nunua, bwana, maana hii ni akiba." Mtu anunuaye ng'ombe huweka akiba kweli, ng'ombe huzaa, hutoa maziwa. Shamba huleta mavuno. Picha iliyotundikwa ukutani haizai. Tumaini lote la mwenye kuiweka kama mali ni kwamba siku moja atatokea mtu mwingine wa kumpa zaidi, naye huyo atatoa zaidi kwa kumtumaini wa tatu. Dhahabu nayo haizai, nakubali. Lakini dhahabu hupimwa kwa mizani, na wanunuzi wake wako katika kila mji. Uzuri wa picha haupimwi kwa mizani yo yote.

Tena kuna ule uchache. Picha iliyochorwa kwa mkono ni moja kwa asili yake. Mchoraji mwenyewe hawezi kuirudia ikawa ile ile. Picha ya kamera kwa asili yake ni ya wengi. Ikiwa chache, ni chache kwa sababu mtu ameahidi asitoe nakala nyingine. Basi mwenye kuinunua kama mali amenunua vitu viwili, picha na ahadi. Na sehemu kubwa ya fedha zake imekwenda kwenye ahadi.

Jambo hili lilifika mahakamani huko Marekani. Mpiga picha William Eggleston, yapata mwaka 1970, alipiga mjini Memphis picha ya baiskeli ya mtoto, yenye magurudumu matatu. Aliilenga kutoka chini, hata kile kitu cha kuchezea kikawa kikubwa kuliko nyumba zilizo nyuma yake. Picha hiyo ilitolewa kwa njia ya rangi iliyo ngumu na ya gharama, nakala 20 tu, na tajiri mmoja alinunua nakala moja kwa dola 250,000. Mwezi wa Machi, mwaka 2012, Eggleston akatoa nakala mpya, kubwa zaidi, kwa mashine za siku hizi. Picha 36 zikauzwa katika mnada wa Christie's kwa dola milioni 5.9, na ile ya baiskeli peke yake ilipata dola 578,500. Yule tajiri akashitaki, akisema kwamba nakala zake za zamani zimepunguziwa thamani. Mwaka 2013 mahakama ikayakataa mashitaka yake, kwa kuwa nakala mpya zilikuwa za namna nyingine, na zile za zamani hazikuongezwa hata moja.

Je, alidhulumiwa? Nimelifikiri swali hilo mara nyingi. Baiskeli ilibaki ukutani kwake na rangi zake zote. Hakuna mtu aliyeigusa. Kilichoguswa ni kule kuwa nacho kitu ambacho wengine hawanacho. Labda msomaji atanijibu kwamba hata bei ya mahindi yangu huanguka jirani yangu avunapo mengi. Ni kweli, huanguka. Lakini gunia langu hunishibisha vile vile. Mali ambayo yote huharibika kwa sababu tu jirani amepata iliyo sawa nayo, sioni kuwa ni mali ya heshima. Twajua vema jina tunalolitoa kwa mtu anayesikitika wenzake wanapopata. Hata hivyo namlaumu mpiga picha kidogo, maana ikiwa wanunuzi wake walisikia neno "20 tu" wakaelewa zaidi ya maana yake, yeye na madalali hawakufanya haraka kuwasahihisha.

Uwongo ulio wazi ni jambo jingine. Lewis Hine, aliyepiga picha za watoto waliofanyishwa kazi viwandani Marekani, alikufa mwaka 1940. Baadaye, katika miaka ya 1990, iligunduliwa kwamba nakala nyingi zilizouzwa kuwa za wakati wake zilisafishwa juu ya karatasi yenye dawa ya kung'arisha, ambayo haikutiwa katika karatasi za picha kabla ya miaka ya 1950. Macho hayakuona tofauti. Taa ya wataalamu ndiyo iliyoona. Huo ulikuwa wizi, ingawa nyuso za watoto wale zilikuwa zile zile.

Zaidi ya hayo, habari za bei hutufikia kwa upande mmoja. Mwezi wa Mei 2022 picha ya Man Ray ya mwaka 1924 iliuzwa kwa dola milioni 12.4, na magazeti yakaandika. Desemba 2014 ilitangazwa kwamba picha ya Peter Lik imenunuliwa kwa dola milioni 6.5, si mnadani bali kwa siri, na jina la mnunuzi halikutajwa. Wengi wa biashara ile walitia shaka, magazeti yakaandika vile vile. Picha iliyonunuliwa ghali ikauzwa rahisi, nani atapiga mbiu yake?

Naye dalali hula pande zote mbili. Tuseme, kwa mfano, nyundo imegonga kwenye dola 100. Mnunuzi huongezewa ada ya mnada, labda 25, akatoa 125. Baada ya miaka kumi airudisha mnadani, nyundo igonge pale pale kwenye 100, naye akatwe 10 za muuzaji. Atapokea 90. Dola 35 zimekwenda, kabla hajalipa bima wala mchukuzi.