Karatasi Iliyokaa Kimya

Paliondokea kijana mjini Tanga, si zamani sana, mwanafunzi wa maabara mwenye mikono myepesi. Bibi yake alikuwa na kisukari, na kila akienda kupima ilikuwa nauli, foleni, na kurudi nyumbani adhana ya magharibi imeshatoka. Siku moja kijana akasoma jambo lililomkosesha usingizi. Mwaka 2007, George Whitesides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kwamba glukosi na protini kwenye mkojo zaweza kupimwa kwa kipande cha karatasi, bila pampu wala umeme. Karatasi hunyonya maji yenyewe, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Ukiichorea kuta zisizopitisha maji, mkojo hufuata vichochoro hadi penye dawa. Kufikia mwaka 2009 kuta hizo zilikuwa zikitengenezwa kwa nta.

“Nta?” akasema kijana. “Mshumaa ninao, pasi ninayo.”

Akachora kwa mshumaa juu ya karatasi ya kuchujia, kisha akaipitishia pasi ya mkaa. Pasi ilipokuwa kali mno, nta ilitanda ikaziba njia. Ilipopoa, nta ilibaki juu na maji yakapenya chini ya ukuta. Karatasi nyingi ziliishia jalalani kabla mkono haujazoea. Kwenye doa la mwisho akatia masalia ya dawa aliyopewa chuoni: vimeng'enya viwili na iodidi ya potasiamu. Kimeng'enya cha kwanza huivaa glukosi na kutoa peroksidi ya haidrojeni. Cha pili huitumia peroksidi hiyo kuzalisha iodini, na doa jeupe hugeuka kahawia.

Likadondoshwa tone la mkojo wa Bibi. Haukupita muda, doa likawa na rangi ya chai kavu. Bibi akapiga kigelegele. “Mume wangu kawa daktari!” Kijana akakata vipande vingi, akavijaza kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kabati, chini ya bati.

Masika ikaingia. Chumvi ikalowa koponi, bahasha nayo ikalainika, asijali mtu. Bibi akapima: doa jeupe. Wiki iliyofuata, jeupe. “Sukari imenitoka,” akasema, akarudia chai ya maziwa na vitumbua, vidonge akavitupia mvunguni mwa kitanda. Kwamba alikuwa akiamka usiku mara tatu kunywa maji, walisema ni joto. Kwamba kidole cha mguu kilikuwa na kidonda kisichokauka, walisema ni kiatu.

Aliyeshtuka ni shangazi, asubuhi akifagia choo cha uani. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani hadi pale Bibi alipokojoa. Akamwita kijana. “Karatasi yako inasema hamna sukari. Haya, hawa wageni kawaalika nani?”

Hospitali walikuta sukari imepanda vibaya. Bibi alilazwa siku nyingi. Alipona, lakini kile kidole hakurudi nacho nyumbani.

Kijana alipeleka bahasha yake kwa mtaalamu wa maabara, mama wa makamo. “Shikamoo mama. Nimekosea wapi?” Mama hakumjibu. Alikoroga glukosi ya unga, ile ya dukani, maana vimeng'enya hivyo haviijui sukari ya mezani. Akadondosha tone zito juu ya kipande kimoja. Wakangoja. Doa likabaki jeupe.

“Umeona, mwanangu? Hii haisemi ‘hamna sukari’. Hii imekufa. Na maiti haitoi ushahidi.”

Akamweleza. Kimeng'enya ni protini; joto na unyevu hukiua taratibu, bila harufu wala rangi ya kukujulisha. Ndiyo maana vipande vya kupimia mkojo hukaa kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana na kikaushio ndani, na tarehe ya mwisho nje. Ndiyo maana kipimo cha haraka cha malaria hufungwa kwenye pakiti isiyopitisha unyevu, nacho kina mstari wa C: usipotokea huo, majibu hutupwa, hata kama mstari mwingine umetokea. “Wewe umeiga karatasi na nta,” akasema. “Shahidi umemwacha.”

Tena akamwonya: hata karatasi iliyo hai ina mpaka. Kwa watu wengi glukosi huanza kumwagikia kwenye mkojo pale sukari ya damu inapopita takriban milimoli 10 kwa lita. Chini ya hapo sukari yaweza kuwa juu ya kawaida na doa likabaki jeupe. Mkojo safi si ruhusa ya kuacha dawa.

Siku hizi kijana huchora vichochoro viwili. Njiani kuelekea doa la pili hukausha chembe ya glukosi, ili mkojo wowote, hata wa mzima, uligeuze kahawia. Likibaki jeupe, kipande hicho hutupwa, hata kama mpimwaji anaomba kiaminiwe. Wala hakimbilii kumpima mtu. Anapima karatasi zake kwanza, baada ya joto, baada ya mvua, baada ya miezi.

Funzo ni hili: anayetengeneza kipimo cha bei nafuu asijisifu kwa kile kinachoonekana kikifanya kazi siku ya kwanza. Ajiulize kikifa kitamjulisha vipi mwenye nacho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kipimo kisichoweza kusema “nimeharibika” ni hatari kuliko kutokuwa na kipimo, maana asiye nacho angalau hubaki na hofu yake, na hofu humpeleka hospitali.

Bibi sasa hupima kliniki, na vidonge humeza kwa saa. Ila mjukuu akimletea karatasi mpya aione, humtazama kwa jicho la pembeni. “Nzuri, mume wangu,” husema. “Umewaonyesha sisimizi?”