Msimamizi na Amana: Swali la Maadili katika Usimamizi wa Tasnifu

Kitenzi 'simamia' kina utata. Kauli ya kutendea iliyomo yaweza kumaanisha kusimama juu ya mtu, kama mnyapara asimamavyo juu ya vibarua. Au kusimama kwa niaba yake, kama afanyavyo msimamizi wa mirathi. Swali letu ni hili: mhadhiri anayesimamia tasnifu ya uzamifu ni msimamizi wa aina gani?

Hatuna budi kuanza na ungamo. Mwanafunzi mmoja aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake, nikakaa nayo miezi saba. Aliporejea ofisini alitanguliza maneno haya: "Samahani Mwalimu, sikukusudia kukusumbua." Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kimaadili, imepinduka: anayedai ndiye anayeomba radhi. Adabu ya lugha ambayo sisi wenyewe tunaifunza kwa fahari ilikuwa imemnyima njia ya kunidai. Na miezi yote hiyo alikuwa akilipa karo.

Yapo ya kututetea. Madarasa ni makubwa, na wenye sifa za kusimamia ni wachache. Hata hivyo, wingi wa kazi unaeleza kosa tu, hauliondoi. Aliyekubali kusimamia ameahidi.

Aidha, haraka nayo si dawa. Mwaka 2019, chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya kilitunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikachunguza. Miongozo ya Tume hiyo humwekea msimamizi ukomo wa wanafunzi 3 wa uzamifu kwa mwaka. Anayeikalia amana na anayeikabidhi bila kuikagua wamekosea jambo lile lile: wote wamesahau kwamba mali si yao.

Kwa maoni yetu, basi, msimamizi wa tasnifu ni ndugu wa msimamizi wa mirathi. Maadamu heshima humfunga mwanafunzi kinywa, wajibu wa kuvunja ukimya ni wa mwenye mamlaka. Amkatae mwanafunzi wa nne. Ataje siku kabla ya kuulizwa.

Tangu siku ile, mimi huandika tarehe ya kurejesha juu ya kila sura, mwanafunzi akiona. Ikipita, wa kuomba radhi anajulikana.