Noti Adui

Katika muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa India Kusini, kuna noti inayoitwa vivadi. Wanadharia wa kale wa huko walizigawa noti kama watu wa ikulu: moja ni mfalme, nyingine waziri, nyingine mtumishi. Vivadi ni adui. Peke yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba imepakana mno na jirani yake, na zikiimbwa kwa kufuatana, sikio linashtuka.

Karne ya 17, Venkatamakhin alipiga hesabu akapata ngazi 72 za kujengea nyimbo. Kati ya hizo, 40 zina vivadi. Yaani zaidi ya nusu ya nyumba ina adui ndani! Wanamuziki wengi walizikwepa, wengine wakisema zinaleta mkosi. Kuhusu raga iitwayo Varali, kuna imani kwamba mwalimu akimfundisha mwanafunzi ana kwa ana, watakosana.

Swali langu ni hili: kinachokwaruza ni lazima kiwe kibaya? Siku hizi sisi tuna jibu la haraka. Rafiki akikuuliza swali gumu, unamfuta kwenye simu, eti analeta nuksi. Kundi zima la WhatsApp linabaki na watu wa kusema "kweli kabisa".

Sasa mtazame Tyagaraja (1767–1847). Ana nyimbo tano kuu ambazo wanamuziki huziimba kwa pamoja kila mwaka kule Thiruvaiyaru kumkumbuka. Mbili ziko katika raga zenye vivadi: Nata na Varali. Na unaotangulia ni ule wa Nata. Adui ndiye anayefungua mlango, bana.

Lakini raga hiyo ina adabu yake. Sauti inapopanda, noti zinazogombana hupita zikifuatana. Inaposhuka, moja huachwa, nyingine ikapita peke yake. Ugomvi haujafichwa, ila umepewa njia.

Sisemi kila kelele ni muziki. Anayekupiga au kukudhalilisha, huyo mkimbie, tena mapema. Vivadi ni kitu kingine: haikudhuru, inakukwaruza kwa sababu iko karibu. Ni dada yako. Ni yule mnayeishi naye chumba kimoja, anayeona bili ya stima na kuuliza kwa nini hukulipa. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hakuna anayevunja kabati kwa sababu hiyo.

Baadaye alikuja Koteeswara Iyer, akatunga nyimbo katika ngazi zote 72 bila kubagua hata moja. Nadhani alielewa gharama ya kubagua. Ukitaka amani kwa kumfukuza kila anayekukwaruza, utaipata. Ila piga hesabu kwanza: 72 ukitoa 40, unabaki na 32.